Mzee wa Neno Moja

Kabura alianza kumtilia baba mkwe wake dawa ya usingizi kwenye uji wakati wa mvua za masika, wiki moja baada ya vijana wa kwaya kumcheka mzee kanisani hadi mmoja wao akatoka nje akijishika mbavu. Hakuwa mwanamke mbaya. Mtu yeyote pale Kitale angekuambia hivyo. Alikuwa mke wa pasta, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, mtu wa kufika hospitalini kabla ya jamaa za mgonjwa. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya mafua tu, vile ambavyo ukimeza unasinzia mchana kutwa. Alivisaga kwa mgongo wa kijiko, akakoroga na sukari nyingi, akampelekea mzee kitandani.

"Asante, mama," mzee akamwambia. Jina la Kabura lilikuwa limemtoka kitambo.

Mzee Mathenge ndiye aliyelianzisha kanisa lile. Alikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri akiwa kijana, mlevi na mpenda ngumi, na injili ilimkuta amelala mtaroni na kiatu kimoja mguuni. Akaokoka, akaanza kuhubiri ndani ya banda la mahindi alilopewa na jirani. Sasa palipokuwa na banda pamesimama jengo la ghorofa lenye viti vya mito na skrini mbili kubwa, na pasta alikuwa Kiragu, mwanawe wa pekee.

Kiharusi kilimwangusha mzee akipalilia kabichi nyuma ya nyumba. Kilichukua nguvu za mkono wa kulia, kikachukua majina ya watu, na karibu maneno yote. Lililobaki ni neno moja. Kila Jumapili, katikati ya ibada, alijikongoja kwa fimbo kutoka kiti chake cha mbele, akasimama, na kwa sauti ile iliyokuwa haihitaji kipaza sauti akasema, "Yesu alikufia wenye dhambi. Mimi ni mmoja wao." Kisha akaketi.

Mara ya kwanza kanisa zima lililia. Mara ya pili watu waliitikia amina. Baada ya miezi michache walikuwa wanatabasamu na kutazama saa. Halafu vijana wakalichukua lile neno wakatoka nalo nje: mtu akikanyagwa mguu, akinyimwa chapati, akifeli mtihani, anainua mkono na kutetemesha sauti, "Mimi ni mmoja wao!" na wenzake wanaanguka kwa kicheko. Hata watoto wa shule ya Jumapili wakaujua mchezo huo.

Kiragu hakucheka. Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa na sababu aliyoiita ya kiroho. Mwaka ule alikuwa akifundisha mfululizo wa masomo juu ya kupanda viwango: viwango vya maombi, viwango vya ndoa, viwango vya kutawala mazingira yako. Watu walikuja kutoka mbali kumsikiliza. Na kila alipowafikisha juu, baba yake alisimama na kuwateremsha.

"Si ati namchukia," alimwambia mkewe wakinywa chai ya asubuhi. "Ni baba yangu. Lakini watu wanataka chakula kigumu, yeye anawarudisha kwa maziwa. Injili ni mlango, Kabura. Mtu akishaingia ndani ya nyumba, anasimama mlangoni kila siku akifanya nini?"

"Ni mgonjwa, mume wangu."

"Basi mgonjwa akae nyumbani. Mfanye akae."

Hakumwambia amfanye vipi, na Kabura hakuuliza. Moyoni alikubaliana naye. Yeye mwenyewe aliokoka akiwa msichana wa shule, na tangu hapo habari za msalaba alikuwa ameziweka pale mtu anapoweka cheti chake cha kuzaliwa. Kipo, unajua kipo, hukitazami. Wanawake wa kanisa alikuwa akiwafundisha mambo ya malezi, ya biashara, ya kumheshimu mume mgumu. Ilikuwa miaka mingi tangu ajiite mwenye dhambi kwa sauti, na hakukumbuka kama siku ile alimaanisha.

Vidonge vilifanya kazi. Kanisa likaambiwa mzee anapumzika. Kabura akirudi kutoka ibadani alimkuta bado amelala, kinywa wazi, ameloa hadi magotini. Mwanzoni alimbadilisha akimwimbia. Baadaye alimbadilisha akimgombeza. Jumapili moja, wakiwa na wageni wa chakula cha mchana, alimwacha na suruali mbichi mpaka jioni ili ajifunze, ingawa alijua vizuri kwamba mzee hakuwa na uwezo wa kujifunza kitu tena. Ngozi ya mapaja ikachubuka. Alipompaka mafuta mzee alilia kimyakimya, akamshika mkono, akasema, "Asante, mama."

Mwezi wa nane wakaja wageni wa heshima kutoka Nairobi. Asubuhi hiyo Kabura alikuwa na haraka ya jikoni, akamwachia mzee uji bila kungoja aumalize. Nyumba ya pasta na kanisa vilikuwa kwenye ua mmoja. Kiragu alikuwa amefika katikati ya mahubiri, jasho zuri la kuhubiri likimtoka, aliposikia mlango wa nyuma ukigonga ukuta. Baba yake aliingia na suruali ya kulalia, bila shati, matope hadi vifundoni. Hakwenda kwenye kiti chake. Alipanda jukwaani, ngazi moja moja, kanisa likimtazama, akamfikia mwanawe na kumwekea mkono mzima kifuani.

"Yesu alikufia wenye dhambi," akasema. Akatafuta maneno. Kabura, kutoka kiti cha mbele, aliona midomo ya mzee ikihangaika. "Wewe... wewe ni mmoja wao."

Tangu augue hakuwahi kulibadilisha neno lile. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mtoto mkate.

Judy, kiongozi wa wahudumu, akapanda na wanaume wawili. Walipomvuta, suruali ikateremka. Kwaya ikaangua kicheko, na safari hii hata watu wazima walicheka, kwa kuona haya au kwa raha, nani ajuaye. Kiragu naye akacheka kwenye kipaza sauti.

"Msameheni mzee wetu, wapendwa. Uzee ukimfikia mtu akilini, bana, mavazi ni kitu gani?"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye paa. Kabura alicheka pia. Mzee alitolewa kwa mlango wa nyuma uchi hivyo, akigeuza kichwa kumtafuta mwanawe.

Mchana huohuo Kiragu aliamua. Kulikuwa na mtu wa Bungoma aitwaye Wangila, aliyewahi kuwauzia mawe ya ujenzi, ambaye sasa alikuwa na vyumba vya kupangisha wanafunzi huko Kibabii. Chumba kimoja cha nyuma kilikuwa kitupu. Mkewe, Rosaline, angempikia mzee na kumfulia.

"Huko hakuna anayemjua," Kiragu akasema. "Aseme mpaka achoke. Utampeleka wewe. Mimi akiniona atakataa kushuka kwa gari."

Siku ya safari Kabura alipata shida kumvalisha. Mzee alishika mbao za kitanda akakataa kuachia. Basi Kabura akainama, akamnong'oneza sikioni, "Baba, tunaenda kuhubiri."

Uso wa mzee ulifunguka. Aliachia kitanda. Alionyesha kabati, akataka koti lake jeusi la mimbarini, akataka Biblia, akataka viatu vipigwe rangi. Garini alikaa wima njia nzima. Walipopita Kamukuywa alianza kujizoeza, taratibu, akihesabu maneno kwa vidole vya mkono mzima: Yesu alikufia wenye dhambi. Yesu alikufia. Kabura akawasha redio. Kufika Kimilili akaongeza sauti.

Wangila aliwapokea kwa adabu zote. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na kiti cha plastiki, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa choo. Mzee alisimama katikati, koti limefungwa vifungo vyote, Biblia kwapani, akamwangalia Kabura.

"Watu?" akauliza.

"Wanakuja, Baba. Wangojee hapa."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki kuwangojea. Kabura akaenda zake.

Kanisani waliouliza aliwajibu kwamba mzee yuko kwa jamaa, ametulia. Baadaye hakuna aliyeuliza. Na jambo linalouma ni hili, kwamba nyumba ilinukia vizuri, Jumapili zilipita bila wasiwasi, na Kabura alilala usingizi mzuri kuliko alivyolala kwa muda mrefu. Alisema atakwenda kumwona baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Akasema baada ya Krismasi.

Mwezi wa pili Rosaline akampigia simu.

"Mama Pasta, njoo uangarie mzee wako. Harafu usikuje na watu wengi."

Kiragu alikuwa anaandaa kongamano. "Nenda wewe," akasema bila kuinua macho. "Kama ni dawa, nunua."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli kwa nje. Rosaline alitoa ufunguo shingoni, ulikokuwa umefungwa kwa uzi pamoja na msalaba mdogo wa bati. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura, na alifungua bila kumtazama Kabura usoni. Wangila alisimama kando, akaanza kujieleza kabla hajaulizwa.

"Mama, huyu mzee arikuwa anapiga mirango ya wanafunzi. Asubuhi, jioni, kira mrango. Anawaambia maneno yake. Wengine wakahama. Si mimi ninategemea hawa wanafunzi? Nikamwambia kwa uzuri. Hasikii. Nikampiga kofi. Hasikii. Na mpira wa maji, hiyo ni siku moja tu. Kutoka siku hiyo amenyamaza. Hata chakura haombi."

Mzee alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Koti jeusi lilikuwa bado mwilini. Lilikuwa limegandamana na vidonda vya mgongoni. Alipogeuzwa, Kabura aliona alama ya mpira, kutoka sikio hadi kona ya mdomo. Macho yalikuwa wazi. Hayakumtambua.

Aliomba maji ya moto, akafunga mlango. Alilowesha koti hadi likaachia ngozi, na halikuachia bila kuchukua kitu. Mzee hakulia. Kabura akamwosha mgongo, akamwosha miguu, na wakati anamwosha miguu akaanza kusema. Hakupanga kusema. Alimweleza habari ya vidonge na uji. Alimweleza ile Jumapili ya suruali mbichi. Alimweleza kwamba siku ile jukwaani alicheka. Alimweleza kwamba hakukuwa na watu wowote waliokuwa wanakuja.

"Baba, ni mimi. Mimi ndiye nilikuleta huku."

Kisha akangoja. Alijua anangoja nini. Kwa muda mrefu neno lile alilisikia kama unavyosikia mashine ya kusaga ya jirani. Alidhani ni la walevi wa mtaroni, la siku ya kwanza, la wale wanaonyoosha mkono kwenye mkutano wa nje. Sasa alilitaka lisemwe, juu yake, na mtu aliyekuwa radhi kulisema kila Jumapili alikuwa mbele yake na mdomo uliovimba, na waliomnyamazisha walikuwa wawili, Wangila kwa mpira wake, na yeye kwa uji wake.

Mzee alitazama nzi ukutani.

"Yesu alikufia wenye dhambi," Kabura akaanza mwenyewe, apate kumkumbusha. Sehemu hiyo ilitoka kirahisi. Ni sehemu ya watu wote. Ile ya pili ilimkwama. Alijaribu, akakohoa, akaangalia maji machafu ya beseni. Hatimaye aliisema, nusu kwa sauti, na hakuna kilichotokea. Moyo haukuwa mwepesi. Vidonda vilibaki vidonda. Mzee hakugeuza kichwa.

Alimrudisha Kitale siku hiyohiyo, amelazwa kiti cha nyuma juu ya blanketi. Kiragu alitoka mlangoni tayari kwa ugomvi.

"Nilikwambia ununue dawa. Nani alikwambia umlete? Wiki ya kongamano?"

"Mwangalie kwanza."

Kiragu akaangalia. Akaiona alama usoni. Kwa muda mfupi Kabura alifikiri mumewe ataanguka magotini pale kwenye kokoto, na kama angeanguka angeanguka pamoja naye. Kisha akauliza, "Haongei?"

"Haongei."

"Hata lile neno?"

"Hata hilo."

Kiragu akapumua. "Mtafutie daktari," akasema. Na akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango: "Na fundi. Apimwe suti."

Ndivyo mzee Mathenge alivyorudishiwa heshima yake. Siku ya kongamano alipandishwa jukwaani na vijana wanne wa kwaya, kwa kiti kilichopambwa kwa satini ya zambarau kutoka duka la Kabura, suti mpya ikifunika bandeji, poda ikifunika alama ya mpira. Kiragu alimtambulisha kwa wageni, mkono begani pake.

"Huyu ndiye baba wa kazi hii. Amehubiri, ameshindana, amefikia kiwango ambacho mtu haongei tena. Anakaa tu mbele za Bwana!"

Watu walisimama wakapiga makofi. Wageni wakapanga foleni kupiga picha naye. Mama mmoja wa Eldoret alichukua mkono uliopooza akajiwekea kichwani apate baraka, na mkono ulipoanguka akauinua tena. Mate yalimtoka mzee. Judy akayafuta haraka kabla ya picha nyingine. Wale waliomcheka akiwa na sauti walilia kwa machozi ya kweli sasa kwa kuwa hakuwa nayo.

Kabura alikuwa kiti cha mbele. Hakuwa jasiri, na hakupanda jukwaani. Makofi yalipotulia alijikuta tu amesimama, mkoba ukaanguka, na akasema lile neno, zima, pamoja na ile sehemu ya pili. Sauti yake haikuwa ya kuhubiri. Ilikuwa ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Mama Pasta, shh, wageni," Judy akamnong'oneza, akimvuta gauni.

Akalisema tena. Nyuma kabisa mtu akacheka. Na juu kule Kiragu akamtazama mkewe kwa macho aliyokuwa akimtazamia baba yake, akampungia mpiga kinanda mkono, na muziki ukamfunika.

"Wewe pia umeanza?" akamuuliza nyumbani. Hakupaza sauti. "Sawa. Wanawake atawafundisha Judy. Wewe umechoka."

Kanisa likaambiwa Mama Pasta amechoka. Wakamwombea kwa maneno mazuri, na hakuna aliyekuja kumwona, maana kila mtu alijua ni ugonjwa gani unaowaanza watu wa nyumba ile.

Mzee alikufa kabla ya mahindi kubeba, siku ya kazi, saa ya chai, kijiko cha uji kikiwa mkononi mwa Kabura. Uji mtupu wa wimbi. Hakuwa amesema kitu. Kama alimsamehe, hakupata njia ya kumwambia.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mahema, skrini, wasemaji waliovuka hata mto Nzoia kuja kusema. Kabura hakupewa nafasi ya kusema, alipewa sufuria. Alikuwa nyuma ya jikoni akisugua masizi alipomwona Rosaline amesimama kando ya tangi la maji, amevaa gauni la kwenda kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa amekuja peke yake kutoka Bungoma. Wangila hajui, akasema.

Kutoka kwenye mahema ilisikika sauti ya Kiragu ikimsifu shujaa wa imani.

"Mama Pasta," Rosaline akasema, "ufunguo nirikuwa nao mimi. Usiku na mchana. Arikuwa anagonga kwa ndani, na mimi niko hapo nje nachambua mboga. Arinisamehe?"

"Sijui, Rosaline. Hata mimi sijui kwangu."

"Basi niende wapi?"

Judy alitokea kona ya nyumba na sinia. "Mama Pasta, chai ya maaskofu! Si wanangojea?"

"Wapelekee wewe," Kabura akasema.

Judy akajaza vikombe mwenyewe, akivigonga kwa hasira. Kabura akageuza kreti mbili za soda, moja akakalia, nyingine akamsukumia Rosaline. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Hakuwa na Biblia, na mafundisho yote ya viwango hayakumjia hata moja. Akaanza kumweleza habari za mtu aliyepigwa bila kosa, akafungiwa, akanyamaza kama mzee alivyonyamaza, na kwamba walioshika mjeledi ndio aliokuwa akiwafia. Alieleza vibaya. Alirudi nyuma, akasahau, akalia katikati. Rosaline aliuliza maswali mengi, na kwa yale yaliyomshinda Kabura alirudia lile neno la mzee, pamoja na ile sehemu ya pili.